Tone Lililokauka Benchini

Nje ya kibanda cha fundi saa palikuwa na benchi la mbao, na alasiri hiyo walilikalia watatu: fundi mwenyewe, kinyozi wa jirani, na mstaafu waliyembandika jina la Wakili wa Bure. Kesho lingechongwa jiwe la kaburi la mke wa fundi. Marehemu alikuwa mwanafizikia, mwanamke wa kwanza kuifundisha elimu hiyo chuoni kwao. Na mumewe alitakiwa kutoa mstari mmoja tu, kueleza alichokifanya mkewe duniani. Miaka arobaini ya ndoa, na kalamu imemgomea mkononi.

— Andika "alipima mwanga," alisema kinyozi. Shemeji alikuwa na vioo chungu nzima.

— Mwanga unapimwa kwa mizani gani, we kinyozi? alidakia Wakili. Andika "alizuia radi." Tangu ahamie hapa, radi imetupiga mara ngapi?

— Haijapiga.

— Si ndiyo hapo! Mchuma janga hula na wa kwao.

— Methali hiyo imeingiaje hapa, Wakili?

— Imeingia kwa miguu yake. Kunywa kahawa.

— Basi mimi nilisikia dunia ilianza kuchoka kuzunguka, shemeji akaisukuma kwa hesabu.

— Jamani, fundi alisema taratibu, jiwe lenyewe dogo.

Fundi akakumbuka jinsi mkewe alivyokuwa akitoka chuoni, akiketi papo hapo, akidondosha tone la kahawa juu ya benchi, kisha akiazima lenzi ya mumewe ya kutazamia saa na kuinama. Madaftari yake yalijaa viduara. Naye fundi, kwa mapenzi, kila mara alilifuta tone lile kwa kitambaa kabla halijakauka, lisije likamchafulia nguo. Mkewe hakulalamika hata siku moja. Alitabasamu, akadondosha jingine.

Mchonga mawe akafika, binti mwenye vumbi jeupe kopeni.

— Shikamooni, wazee. Baba, maneno tayari?

— Marahaba, mwanangu. Bado. Keti kwanza, upate kahawa.

Alipoketi, aliona alama kuukuu kwenye ncha ya benchi, mahali ambapo kitambaa hakikuwahi kufika. Akaigusa kwa kidole.

— Hivi, baba, kwa nini tone la kahawa likikauka weusi wote hukimbilia ukingoni?

Fundi alivaa lenzi yake, akainama kama alivyokuwa akiinama mkewe. Akaona kiduara kile kile cha madaftari ya mkewe.

— Andika hilo, alisema.

— Lipi, baba?

— Swali lako. Hivyo hivyo ulivyouliza.

Kisha akakikunja kitambaa chake, akakitia mfukoni.