Chaja ya Kuazima

Muuguzi aliyetoka zamu alifumba macho akajifanya amesinzia, kumbe masikio yake yalishahamia kiti cha mbele. Hapo mshonaji mmoja, pini bado ziko kwenye kola, alikuwa akimweleza karani aliyeketi naye kwa nini leo amepanda basi.

"Baiskeli yangu ya umeme haina chaji, kaka. Jana nilichomeka betri, umeme ukakatika. Sasa sikumbuki kama niliichomoa."

"Wasiwasi wako tu, dada. Betri ikijaa, chaja inakata yenyewe. Mimi yangu inalala kwenye umeme mpaka asubuhi."

Wenye chaja nzima hulala vizuri, aliwaza muuguzi.

"Chaja yangu iliungua, nikaazima ya jirani. Ikichaji inachemka, huwezi kuigusa."

"Ya kuazima?" Karani akalegeza tai. "Basi mpigie aliye nyumbani."

"Yuko mama mkwe tu, hajiwezi, na betri iko uvunguni mwa kitanda chake. Simu yake imezima tangu jana. Angeichaji na nini?"

Karani akafikiri, kisha uso ukamkunjuka. "Si mji mzima hauna umeme? Bila umeme hiyo betri ni jiwe. Tulia, dada."

Hata muuguzi akashusha pumzi. Basi likapunguza mwendo kuingia kituoni. Ghafla redio ya kinyozi ikalipuka kwa muziki, taa za maduka zikawaka mtaa mzima, abiria wakapiga makofi.

Mshonaji hakupiga. Alikuwa keshafika mlangoni, akiugonga kwa viganja vyote viwili.