Gari la Harusi Lisilo na Rivasi

Katika basi la Can Tho, Nhan alijikunyata dirishani akiwasikiliza wawili wa kiti cha mbele. Bi Thoa alikuwa akimweleza jirani yake, fundi wa magari, kwamba gari otomatiki la kumchukulia mkamwana wake kesho linakwenda mbele tu, rivasi haiingii.

“Oili ya gia inanukaje, mama?”

“Ukoko.”

“Basi giaboksi imeungua. Tafuta gari jingine.”

“La nini? Msafara wa harusi haurudi nyuma, fundi. Ni mkosi.”

“Na kwa kina bibi harusi ni wapi?”

“Mwisho wa kichochoro, mtoni.”

Fundi akakohoa. Nhan alishapitwa na kituo chake, akaona si neno.

“Mtatokaje?”

“Vijana watasukuma.”

“Kinyumenyume, bibi harusi akiwa ndani?”

Basi likasimama. Bi Thoa akashuka bila kugeuka.