Kifungo cha Gauni la Marehemu

Asubuhi hiyo ndani ya treni, mbele yangu walikaa watu wawili wasiojuana: mwalimu mstaafu, na mama fundi cherehani aliyesahau tepu yake shingoni. Mama alikuwa amempa mwalimu hadithi aliyoiandika mwenyewe. Mimi nilijifanya natazama dirishani, masikio yakiwa kwao.

"Nimesoma," mwalimu alisema. "Mzee kafiwa na mkewe. Analeta gauni la marehemu kwa fundi, litiwe kifungo kilichokatika. Vizuri. Lakini hujaandika popote kwamba alihuzunika."

"Mwalimu wangu, gauni hilo nani atalivaa?"

"Hakuna."

"Na kifungo bado anakitaka. Sasa niongeze nini?"

"Msomaji hatajua, mama."

"Wewe umejua?"

Mwalimu alivua miwani akaifuta, ingawa haikuwa na vumbi. "Mimi nimefundisha insha miaka thelathini."

"Na mimi nimeshona ishirini na sita. Mshono mzuri hauonekani, lakini ndio unaoshika nguo. Hadithi hii nimeifumua mara tisa mpaka ikakaa. Sibandiki kiraka kwenye kitambaa kizima."

Treni ilipunguza mwendo. Mwalimu akainuka, akamrudishia karatasi zake kwa mikono miwili, heshima ambayo sidhani wanafunzi wake wengi waliipata. Alipofika mlangoni akageuka. "Neno moja tu, mama! Alihuzunika!"

"Silitii!" mama alijibu, kidevu juu, behewa zima likasikia, na treni ikasimama.