Fundi Viateur Harerimana na Karatasi Alizoomba Zichomwe

Kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Ndugu zangu wa Gisenyi, na ninyi mliovuka asubuhi hii kutoka Goma, asanteni kwa kuja kumsindikiza kaka yangu, Viateur Harerimana. Mimi ni Nyirasafari, mdogo wake. Nitasoma maisha yake polepole, kwa sababu kuna neno ambalo mke wake ameomba mlisikie kabla hatujamshusha. Viateur aliagiza karatasi zake zote zichomwe akifa, na mpaka jana hatukujua kama tutaweza.

Alizaliwa Nyundo tarehe 9 Juni 1940, mtoto wa kwanza wa Rugema na Mukandutiye, wakulima. Mama alituambia kwamba siku ile ukungu ulishuka mpaka mlangoni, mkunga akapita nyumba bila kuiona, akarudi aliposikia kitoto kinalia. Viateur naye alibaki kama ule ukungu: yuko karibu nawe, lakini humshiki.

Alisoma shule ya msingi hapo Nyundo, 1948 hadi 1954. Alitamani kuendelea, ila baba aliugua na shamba likakosa mtu. Kusoma hakukumtoka. Tukitumwa karanga, alifungua ile karatasi iliyozifunga, akaketi njiani kuisoma, na mimi nikazila karanga zote.

Mwaka 1957 alikwenda Goma kujifunza ushonaji kwa marehemu Hamadi Karenzi, Mwislamu mcha Mungu, aliyemfundisha kupima bega kwa kiganja kabla ya kushika futi. Mwaka 1963 alifungua duka lake la ushonaji hapa mjini, karibu na soko. Patroni, zile karatasi za kukatia nguo, alizitoa kwenye mifuko ya saruji iliyokung'utwa vumbi. Kila mteja alikuwa na yake, yenye jina na vipimo. Na pale palipobaki wazi, Viateur aliandika alichowaza juu ya kitabu cha wiki ile. Historia aliiandika kwenye kipande cha mgongo, kwa kuwa mgongo ni mpana. Vitabu vya mambo ya jamii, kifuani. Hadithi za kubuni, kwenye mikono.

Nimezisoma nyingi. Mgongo mmoja unasema: "Mfalme alivuka mto na watu elfu. Wale elfu walikula nini siku hiyo? Nani alibaki na wazee?" Kifua kimoja: "Huyu bwana ameandika 'wakulima' mara mia, na hakuna mkulima hata mmoja aliyefungua mdomo." Na mkono mmoja wa koti: "Nimemlilia mwanamke ambaye hakuwahi kuwepo. Jana nilisoma habari za watu waliokufa kweli, nikageuza ukurasa tu. Bwana, nifundishe kulia sawasawa."

Mwaka 1974 alisahau kipande cha patroni ndani ya kola ya Munyaneza, dereva wa lori, ambaye tuko naye hapa. Munyaneza akalivaa koti kwenye harusi kule Busasamana. Kesho yake akaja amewaka.

"We Viateur! Kola yangu iko napiga kelele kanisani! Nikiinama, kra! Nikiinuka, kra! Padri ananiangalia!"

"Umeipasua?"

"Nimeipasua. Mule ndani iko swali. Eti mutu mwenye aliandika ile vita alikuwa amejificha wapi."

"Bon. Umejibu nini?"

"Mi nijibu? Nilikuomba koti, sikukuomba masomo!"

Lakini Jumamosi iliyofuata alirudi, akakaa kwenye benchi. "Ule mutu hakujificha," akasema. "Alikuja nyuma, akauliza wenye walishinda." Tangu hapo watu walikuja kujaribu nguo wakabaki kujibu. Nguo zilichelewa, mnajua wenyewe. Za Pasaka zilitoka Pentekoste.

Tarehe 16 Julai 1966 alifunga ndoa na Verediane Mukankusi wa Kanzenze. Verediane husema: "Nilizani naolewa na mwanaume mumoja, kumbe nimeingia nyumba yenye kujaa watu ya vitabu. Tunakula, ananiuliza: ule mama wa ukurasa wa makumi ine, we ungemusamehe?" Mungu aliwapa watoto wanne.

Sukari ilimshika mwaka 1996, na kufika 1998 macho yakawa yamezimika. Binti yake Diane alimsomea vitabu, kisha patroni, moja moja. Mwaka ule vita ilikuwa karibu, watu walikuwa wanalala na viatu, tayari kukimbia. Siku moja mchana alisema, "Diane, funga dirisha." Akaipapasa ile karatasi. "Hii yote niliandika mimi? Zisibaki kwangu. Siku mutanizika, mama yako azichome. Mutoto wangu asiulizwe kitu juu ya swali yangu."

Alifariki Alhamisi, tarehe 11 Februari 1999, saa tisa mchana, akiwa amepokea mpako mtakatifu. Kidole chake kilikuwa kinatembea juu ya shuka, kutoka kushoto kwenda kulia.

Jana asubuhi Verediane alilitoa sanduku la patroni, akalisogeza kwenye moto wa kilio. Neno la mtu anayekufa ni zito. Munyaneza akasimama. "Verediane, ile yangu usiitupe. Sijamaliza kumujibu." Wengine nao wakasema hivyo hivyo. Mjane alikaa chini muda mrefu, rozari mkononi.

"Bon," akasema. "Alisema zisibaki kwake. Hazitabaki. Juu ya kukosa kuzichoma, nitamuomba musamaha nikimufikia."

Akatoa moja tu, yenye jina la Viateur mwenyewe, imeandikwa mgongo, kifua na mikono mpaka pembeni. Akaiweka motoni, na hakuna aliyeisoma.

Viateur ameacha mjane, Verediane, watoto wanne, wawili wao Goma, wajukuu saba, na mimi.

Tukitoka hapa, kila aliyepimwa na Viateur apite nyumbani. Verediane atakaa mlangoni na sanduku, na Diane atasoma majina. Pokea yako, uende nayo kwako, ujibu.

Bwana amlaze kaka yetu katika amani yake. Amina.