Kilichogonga Chini ya Tärnan

Ko, ko, ko. Kimya. Ko, ko, ko. Nisikilize mama mkwe Gunvor, nisikilize kabla pumzi haijanikatika, maana kesho asubuhi wananipasua moyo na daktari leo kanitazama kwa huruma mno, na nisipoamka wewe ndiwe utakayemlea Majken wangu, sasa nitakuachiaje mjukuu nikufiche sauti niliyoisikia saa nane za usiku, nikiwa na miaka kumi na tisa, visikizio vya sauti za chini ya maji masikioni, katika boti ya doria Tärnan, injini tumezizima, tunawinda nyambizi kati ya visiwa vyetu?

Wiki moja kabla nilikuwa nimepiga ukelele, "Nyambizi!", boti nzima ikaamka, helikopta ikaja, kumbe ni kundi la samaki aina ya heringi wanatoa hewa matumboni. Wacha wanicheke! Mpishi ananimiminia kahawa, anauliza, "Malkia wa Mashuzi, samaki wako leo wamekula maharagwe?" Basi usiku ule nikasikia ko, ko, ko, na samaki hagongi kwa kuhesabu, mama, nilijua, wallahi nilijua, lakini nahodha aliponiuliza, "Kuna nini, Tyra?" nikaona meno yao yote tayari kucheka, nikasema, "Heringi." Akaandika heringi. Tukawasha injini tukaenda zetu.

Asubuhi wakaiona mashua ya mumeo imepinduka, mzee Ivar yumo chini yake.

Usiniachie mkono, mama. Nilikwenda mazishini kuomba msamaha nikarudi na mchumba. Mwanao Hampus alikuwa analia peke yake penye buli la kahawa, nikamshika bega, msamaha sikuuomba, na miaka tisa sasa nakula mezani kwako. Kikulacho ki nguoni mwako, nami ndimi kikulacho chenyewe. Nimekusikia ukisema mligombana jioni ile, kwamba alitoka na upepo ule kwa kusudi, kwamba alikuchoka. Nimemsikia Hampus akisema baba hakututaka. Nami naendelea kukata mkate. Hakuwachoka! Mtu aliyechoka hagongi. Aligonga mashua kwa ndani, akapumzika, akagonga tena, alitaka kurudi nyumbani kwako.

Sasa shika wosia wangu. Lile banda la mashua ulilotupatia liandikwe jina la Majken, lisiuzwe kwa watu wa mjini. Mfundishe kuogelea kabla hajaanza shule. Akisema amesikia kitu, msimcheke, hata kama ni upuuzi, msimcheke. Na Hampus… mwambie wewe, mama, mimi nikishalala. Mimi siwezi.

Mbona umesimama? Unakwenda wapi?

"Namwita mume wako, yuko hapo nje kwenye korido," unasema. "Miaka tisa nimejibebesha kifo cha Ivar, na sasa unataka nibebe na hili? Utamwambia mwenyewe, kwa mdomo huo huo uliosema heringi. Mtoto nitamlea, hilo usiogope. Lakini likishamfika Hampus liishie hapo. Sitaki kisiwa kizima kije kunipa pole upya."

Haya. Haya, mama. Mwite. Niinulie mto kidogo… hivyo. Mungu akuweke, Majken akuzike ukiwa mzee sana. Pumzi yenyewe ndiyo hii… itatosha maneno machache. Nitamwambia Hampus. Naahidi, mama… baada yake, simwambii mtu mwingine.