Sista Aliyeomba Wiki Moja

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka mhudumu wa nyumba ya wazee. Kwao walimwita Sista, ingawa hakuwa muuguzi. Alikuwa mhudumu. Aliwalisha wazee, aliwaogesha, aliwageuza kitandani wasipate vidonda. Alifariki mwezi uliopita.

Akitoka kazini, kazi ilimsubiri nyumbani. Mama yake alipigwa na kiharusi, upande mmoja wa mwili ukafa. Watoto wa mama walikuwa wanne, Sista akiwemo: kaka wawili na dada wawili. Kikao chao kilikuwa kifupi. Kaka mkubwa alisema, "Sista, si ndiyo kazi yako hii? Wewe umeshazoea." Wakaafikiana, wakanywa chai, wakaondoka.

Kosa lilianzia hapo. Dereva akishinda barabarani mnamwambia apumzike. Huyu aliambiwa amezoea.

Si kwamba hakumpenda mama. Walitaniana mno. "Leo umenipaka mafuta kama unakaanga samaki," mama alimwambia kwa mdomo uliopinda.

"Tulia basi, usije ukaungua," Sista alijibu, wakacheka wote. Halafu akaenda uani kufua mashuka, na uso ukamshuka kabla hajafika kwenye beseni.

Marafiki wakaacha kumpigia, maana hakupokea. Mpishi wa nyumba ya wazee anakumbuka alivyomkuta stoo, amekaa juu ya furushi la mashuka, analia bila sauti. "Nikamuuliza, shoga, kuna nini? Akasema, hakuna kitu, nirudishie mlango kidogo."

Mwishowe aliomba, wasikilizaji. Aliomba wiki moja tu. Alimpigia kaka mkubwa.

"Kaka, nichukulieni mama wiki moja. Nataka kulala."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nimechoka."

"Sasa kama huumwi, si afadhali?"

Kaka hakuwa mchoyo. Alimtuma mkewe na nepi za wakubwa, sabuni, na godoro jipya. Godoro la mama. Wifi alishusha mizigo, akauliza mgonjwa anaendeleaje, akaambiwa vizuri, akaaga. Kila aliyekuja aliuliza habari za mgonjwa. Aliyemshika mgonjwa hakuulizwa.

Akamwomba mdogo wake wa kike, aliyekuwa akiuza kwenye duka la vitambaa. Mdogo mtu anasema, "Nilimwambia vumilia dada, Mungu atakulipa. Sikumwambia nakuja."

Wiki ile hakuipata.

Kichwa kilimuuma muda mrefu. Kipima presha kilikuwa kabatini, lakini kilikuwa cha mama, hakukumbuka kujifunga mwenyewe. Asubuhi moja alimgeuza mama aelekee ukutani, kisha akaanguka nyuma yake. Mama alisikia kishindo. Hakuweza kugeuka kutazama. Alimwita mwanawe, akamwita, mpaka jirani akasikia. Sista alikuwa ameshakufa.

Baada ya mazishi watoto wakakaa tena. Nani anamchukua mama? Kila mtu akatazama simu yake. Siku zote za msiba mdogo mtu ndiye aliyemwogesha mama, kwa sababu wengine hawakujua pa kuanzia. Kaka mkubwa akainua macho, akamtazama.

"Naona mkono wako mwepesi," akasema. "Na mama ameshakuzoea."

Wakaafikiana.

Kwa niaba ya redio yenu, poleni familia. Pole mama, uliyemsikia mwanao akianguka. Pole mdogo mtu. Jana nilikupigia, ukaniambia umeacha kazi dukani. Nilikuuliza ni kwa muda gani, ukasema unakwenda kumgeuza mama. Mimi sina neno la kukufariji, na sitakudanganya kwamba ninalo.

Wasikilizaji wapendwa, yupo mtu nyumbani kwenu anayemgeuza mgonjwa. Msimpelekee sabuni mkaondoka. Ingieni ndani, mshike beseni nyinyi, yeye akalale.

Na nyinyi kaka zake, najua mnanisikiliza. Huyu wa pili bado yuko hai.