Kijitabu Nilichoandika Bila Kompyuta

Tumsifu Yesu Kristo, wanajumuiya wenzangu. Mnaona nilivyoshika kiti hiki? Nimezoea kusimama mbele ya wanafunzi, si mbele yenu mnaonijua.

Nafundisha kompyuta kwenye chuo cha ufundi hapa Mbinga. Nilitunga kijitabu cha kanuni za lugha ya programu, yaani ile lugha ya kuiamrisha kompyuta: sentensi inaanzaje, inafungwaje, kila kanuni na mfano wake. Nilikiandika likizo, nyumbani Matiri, bila kompyuta. Kwa kichwa tu! Nilijiona fundi. Ndugu zangu, nawaambia, kujiona ni kubaya.

Wiki mbili kabla ya mtihani nikawapa jaribio. Kompyuta zote zikakataa, maandishi mekundu kila skrini. "Mwalimu, tumefuata kitabu chako." Nikakifungua, nikalinganisha na skrini. Lugha ile ilishabadilika tangu niisome, na mifano yangu mingi ilikuwa ya zamani. Nikajibu nini? "Kompyuta ni mbovu."

Nilidanganya kwa woga. Niliogopa kufukuzwa, niliogopa kuchekwa. Mkuu wa chuo akikohoa tu koridoni, jasho linanitoka. Siku ya tatu binti mmoja akaja na begi. "Mwalimu, narudi Mkumbi kulima. Wenzangu wanasema kompyuta ni mbovu, lakini mimi najua kibovu ni kichwa changu."

Hapo ndipo nilipoogopa hasa. Nikamsihi asubiri mpaka Jumatatu, nikapanda gari kwenda kwa mama.

Nilimkuta mlimani anachimba ngolo, yale mashimo yetu ya kupandia. Nikamweleza yote. Hakuacha jembe.

"Shamba likikushinda unaita ngokela, watu waje mlime pamoja. Huko chuoni huna watu?"

"Nitawaambia nini, mama?"

"Kwamba limekushinda."

Jumatatu nikasimama. "Kompyuta ni nzima. Kibovu ni kitabu, na nimekiandika mimi." Kisha nikaita ngokela. Kila mwanafunzi ukurasa wake. Mfano unajaribiwa kwanza kwenye kompyuta, ukikubali ndipo unaandikwa, na aliyeujaribu anaweka jina lake chini. Mwenye shamba hulisha watu na kuwapa pombe, basi nikapika ugali na usipa, wale dagaa wa ziwani. Pombe niliiacha, msinicheke.

Mtihani waliufanya wote. Mkuu alinipa barua ya onyo, naishukuru nayo. Namshukuru mama, nawashukuru wanafunzi wangu. Ukikosea, sema mapema, kabla mwingine hajalibeba kosa lako akidhani ni lake.

Na yule binti? Jina lake silitaji hapa. Liko chini ya ukurasa wa kwanza.